Dada Aliyeomba Asifutwe Uso

Uso Mungu aloumba, wa kuufuta ni nani?
Leo waingia chumba, kidogo cha udongoni.

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafanyakazi wenzake wa studio, majirani na ndugu wote mliofika, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kusoma historia ya maisha ya dada yangu, ambaye kila mmoja wenu alimwita kadiri alivyomfahamu, mama kwa wanawe, bibi kwa wajukuu, fundi kwa wateja wake, na Ramani kwa sisi tuliokua naye, jina alilopewa kwa kejeli akiwa na miaka saba na ambalo ameondoka nalo duniani akilipenda. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja akitazame kijitabu alichopewa mlangoni, kwa kuwa kwenye jalada kuna picha yake, na kwenye shavu la kushoto la picha hiyo kuna baka lililochorwa kwa penseli, na ukilinganisha na nakala ya aliyeketi karibu nawe utaona kwamba hakuna mabaka mawili yanayofanana. Hilo si kosa la mashine. Dada aliacha agizo moja tu kuhusu mazishi yake, kwamba mumuage akiwa na uso wake mwenyewe, na agizo hilo alinikabidhi mimi, na mimi nililivunja. Nilivyolivunja na tulivyolitengeneza nitaeleza likifika mahali pake, maana yeye alikuwa mtu wa utaratibu na hakupenda mambo yarukwe.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni, wodi yenye vitanda kumi na viwili na dirisha moja lililotazama kamba za kuanikia mashuka, ambako mama yetu alikuwa dobi, hivyo akajifungulia juu ya shuka alilolifua mwenyewe wiki hiyo. Baba yetu alikuwa karani wa posta. Dakika ishirini baada yake nilizaliwa mimi, tukafanana macho, pua, vidole vya miguu na hata namna ya kulia, isipokuwa yeye alikuja na baka jeusi lililoanzia chini ya sikio la kushoto, likapanda hadi karibu na jicho, likashuka na kuishia kwenye pembe ya mdomo, na mimi nilikuja bila kitu. Mkunga, akitaka kumfariji mama, alisema kwamba angalau tutatofautishwa. Mama hakufarijika. Majirani walikuja kutuona, huyu akauliza mama alikula nini, yule akauliza alimcheka nani, na mama akawajibu kwa kufuma kofia mbili za sufu zenye masikio marefu, moja ya dada, na moja yangu, ili ya dada isionekane kuwa na sababu. Tulibatizwa pamoja Jumapili ya tarehe 21 Mei mwaka huohuo, na picha ya siku ile inaonyesha watoto wawili mapajani mwa mama, mimi nikitazama mbele, dada akiwa ameegemezwa kifuani kwa shavu lake la kushoto, na ndivyo picha zetu zote zilivyopigwa kwa miaka kumi na saba iliyofuata.

Alianza masomo ya msingi Januari 1968 na kuyamaliza mwaka 1974, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978. Alikuwa wa kwanza au wa pili katika hisabati na mwandiko, mimi nikiwa wa kwanza katika kupendwa. Jina la Ramani lilianzia darasa la kwanza, wakati wa mapumziko, ambapo wenzetu walimzunguka na kumwuliza, "We Ramani, njia ya sokoni ni ipi?" na mwingine akaongeza, "Geuka kidogo, mimi nimepotea," na dada akasimama katikati yao ameshika shavu kama mwenye jino bovu. Naisoma historia hii mbele za Mungu, kwa hiyo siwezi kuacha kusema kwamba siku ile nilicheka nao. Niliogopa kwamba nisipocheka watakumbuka kuwa uso ule ni wangu pia.

Mwezi wa Oktoba 1978, tukiwa kidato cha nne, kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka picha ndogo ya kubandikwa kwenye cheti, na mama alitupeleka studio ya nyuma ya stesheni, akatuweka kwenye benchi la kusubiria, akatutazama kwa zamu, kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya mtu anayegawa kazi za nyumbani, "Kaa wewe mara mbili. Nani atajua?" Nilikaa mara ya kwanza nikiwa mimi. Nilipotoka, dada alivua sweta lake akanivalisha, akanifunga kifungo cha shingoni, akanilainisha ukosi, akanirudisha nyuma hatua moja anitazame, akasema, "Usicheke sana, mimi sicheki sana." Nikaingia tena, nikakaa, sikucheka sana. Mwenye studio aliinua kichwa kutoka kwenye kamera, akatazama kiti, akatazama benchi kupitia mlango uliokuwa wazi, akarudi kwenye kamera, akapiga. Cheti cha dada yangu, ambacho kina alama zake zote alizozitolea jasho, kina uso wangu hadi leo.

Januari 1979 alirudi studio kuchukua nakala zilizobaki za picha hizo, na mwenye studio, aliyekuwa na macho mabovu na bahasha nyingi, alimwomba amwandikie majina juu ya bahasha chache, akautazama mwandiko ule kwa muda, akasema, "Mkono huu hautetemeki," na Jumatatu ya tarehe 5 Februari 1979 marehemu akaajiriwa kama fundi wa kusafisha picha, kazi aliyoifanya katika studio hiyohiyo kwa miaka thelathini na saba. Alipewa chumba cha nyuma, ambako hakuna mteja aliyefika, na nadhani wote wawili waliona ni mpango mzuri. Palikuwa na meza ya mwinamo yenye kioo cha ukungu, chini yake kioo kingine cha kurudisha mwanga wa dirisha, lenzi, pamba, chupa ya spiriti, na kopo la penseli zilizochongwa ncha ndefu kama sindano. Filamu, kama wanavyojua wale waliowahi kuishika kwenye mwanga, huonyesha mambo kinyume, cheusi kikawa cheupe, kwa hiyo kovu la mtu huonekana pale kama tundu la mwanga, na kazi ya dada ilikuwa kuliziba tundu hilo kwa vidoti vya penseli, kimoja baada ya kingine, hadi uso ulipotoka kwenye karatasi ukiwa hauna historia. Aliondoa chunusi, makovu ya ndui, mikunjo ya paji la uso na meno yaliyopandana, na kuna mwalimu mkuu mmoja aliyeondoka na shingo ambayo hakuja nayo. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba katika mji mzima hakuna mwenye kasoro isipokuwa anayetembea kwa miguu.

Kanisani katika miaka hiyo alikaa benchi la mwisho, upande wa kushoto, shavu likiwa ukutani, na kila mwaka katika juma la maombi ya wagonjwa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akapakwa mafuta, akarudi benchi lake, akasubiri, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo cha dirisha la ofisi ya mchungaji. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Nilikuwa namwomba Mungu arudie kazi yake, kama mteja aliyeletewa suruali fupi." Wakati ule hakuna aliyecheka, naye hakuwa na la kuchekesha.

Mwaka 1983 nyaya za studio ziliungua, akaletwa fundi umeme, ambaye alipanda ngazi katika chumba cha nyuma na kuwasha taa ghafla kabla dada hajapata muda wa kugeuka, akamwona uso mzima, akasema, "Samahani, nimekuumiza macho?" na dada akamjibu kwa ukali aliokuwa nao siku zote, "Tazama nyaya zako." Baada ya hapo taa za studio zilianza kuharibika kila Ijumaa, hadi mwenye studio, ambaye hakuwa mjinga, akamwambia, "Fundi, oa, taa zangu zipumzike." Walifunga ndoa takatifu katika kanisa hili siku ya Jumamosi tarehe 14 Septemba 1985. Picha ya harusi ilipigwa studio, na dada aliichukua filamu yake chumba cha nyuma, akajifungia nayo kwa alasiri tatu mfululizo, akaziba baka lake lote kidoti kwa kidoti, kazi ambayo mwenye studio aliitaja hadi anakufa kuwa ndiyo safi kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake. Shemeji yangu aliletewa picha ile ikiwa kwenye fremu, akaitazama vizuri, akaitazama tena, akasema kwa upole wake, "Picha nzuri. Ila hapa mbona kama nimemwoa shemeji?" Dada alicheka, kisha akaingia jikoni, akakaa huko. Picha ikatundikwa sebuleni hata hivyo, na ikakaa miaka kumi na moja.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1987, na mwana aliyezaliwa tarehe 19 Aprili 1990. Binti alikuwa na ulimi wa mama yake. Mwana alikuwa mtoto asiyelala mpaka aweke kiganja kwenye shavu la kushoto la mama, na ukimhamishia la kulia aliamka, jambo lililomchosha sana dada kwa kuwa lilimlazimu kulala ubavu mmoja kwa miaka mitatu, na ambalo wakati ule hakuona kama ni neno lolote analoambiwa.

Jumatano tarehe 12 Juni 1996 ndiyo siku aliyokuwa akiihesabu kuwa ya pili ya kuzaliwa kwake. Wiki moja kabla, mama mmoja muuza mkaa alifika studio kuomba picha ya mtoto wake ikuzwe, binti wa miaka tisa aliyekuwa amefariki kwa homa, aliyepigwa picha pale mara moja tu maishani mwake. Filamu ilitafutwa kwenye masanduku, ikapelekwa chumba cha nyuma, na dada, aliyeona kovu la moto kwenye kidevu cha mtoto, aliliziba kama alivyoziba mengine yote, bila kuulizwa na bila kuuliza, maana ndivyo studio ilivyofanya kazi. Yule mama alikuja Jumatano ile, akaifungua bahasha juu ya kaunta, akaitazama picha, kisha akasema, "Huyu ni mtoto mzuri, lakini si wangu. Wangu alikuwa na kovu hapa. Aliungua na uji nikiwa nimempa mgongo, nikamuuguza miezi miwili kwa mikono hii. Nirudishieni mwanangu." Mwenye studio akamwita dada kutoka nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na dada akatoka amejifunika kitambaa, na yule mama akamtazama, akakisogeza kile kitambaa kwa kidole chenye masizi, akamwuliza, si kwa hasira, "Na wewe, nani alikufundisha kufuta?"

Dada alirudi nyuma, akachovya pamba kwenye spiriti, akaanza kuondoa penseli kwenye filamu ile, polepole, kwa kuwa ukisugua kwa haraka unaharibu kilicho chini, na saa nane mchana kovu la mtoto likarudi lilivyokuwa. Yule mama alilipapasa kwenye karatasi mbichi. Akaondoka ameibeba picha kama anayebeba mtoto aliyelala. Alasiri hiyohiyo dada aliitafuta filamu ya harusi yake, akaiweka kwenye meza, akachovya pamba nyingine. Aliniambia kwamba alipoona mwanga umeanza kupenya tena kwenye shavu lake aliogopa, kisha akahisi aibu, aibu ya kumkuta mtu uliyemfungia chumbani miaka kumi na moja naye anakuamkia. Shemeji yangu alirudi nyumbani akakuta picha mpya kwenye fremu ileile. Alivua kofia.

Kuanzia siku hiyo hakumgusa mteja bila kumwuliza, "Nifute au niache?" na swali hilo likawa desturi ya studio, likaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye kaunta, na hata mwaka 2004 kompyuta zilipoletwa na penseli zikaachwa kwenye kopo, swali lilibaki. Wengi walisema afute, naye akafuta vizuri bila kumdharau mtu. Wengine walifikiri kidogo wakasema aache. Alikuja mzee mmoja mwenye jicho moja akamjibu, "Acha, hili ndilo watoto wangu wanalolijua."

Nisije nikamfanya mtakatifu, maana angenigombeza. Dada hakulisifia baka lake wala hakuliita zawadi, ukimwuliza ni nini alikwambia ni baka, na mjukuu wake wa kwanza alipomwuliza hivyo alimjibu, "Ni baka, na wewe una pua ya babu yako, na bado tunakupenda." Alichosema, katika ushuhuda pekee aliowahi kuutoa hapa mbele, akiwa amehama kutoka benchi la mwisho kuja la tatu, ni kwamba kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amechanganya mambo mawili, akitubu kwa ajili ya uso, ambao Mungu aliufanya na hakuujutia, na kuuachia ulimi, ambao aliuharibu mwenyewe, na kwamba alipoacha kuomba aondolewe uso ndipo alipopata nafasi ya kuomba arekebishwe ulimi. Kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa maneno yake makali, na orodha ilikuwa ndefu, na baadhi yenu mlioko hapa mlikuwamo. Alisema pia jambo ambalo mchungaji wetu amelirudia mara nyingi, kwamba Bwana Yesu alipotoka kaburini alitoka na alama zake za misumari, kwamba Baba yake, mwenye uwezo wote, hakumfuta. Hakuhubiri zaidi ya hapo. Aliketi.

Kwangu mimi alikuja na cheti. Alikiweka mezani mwangu, akagusa picha ndogo ya pembeni, akasema, "Ulinikalia vya kutosha, mdogo wangu. Sasa pumzika, nikae mwenyewe." Nilimwambia tusifukue mambo ya zamani. Ukweli ni kwamba sikujua ningekuwa nani kama nisingekuwa yule asiye na baka. Mwaka 2011, tulipotimiza miaka hamsini, nilikwenda studio kupiga picha, na dada akaniuliza kama alivyowauliza wote, nifute au niache, nikamwambia afute, macho, shingo, na mistari hii miwili ya mdomoni. Alifuta bila ubishi, akanipa bahasha yenye picha mbili, moja aliyoifuta na moja aliyoiacha, akasema, "Chagua ukiwa peke yako." Nilitundika iliyofutwa. Ilikaa ukutani miaka kumi na mitatu.

Mume wake alitutangulia tarehe 3 Juni 2016, na mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, marehemu alistaafu kazi. Novemba 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi tatu za kibarazani, akapelekwa hospitali ya mkoa, ikaonekana kwamba moyo wake umepanuka, akaanza matibabu, akilazwa na kuruhusiwa mara tano. Nilikuwa naye kila mara, na siku ya kwanza muuguzi wa zamu alitukuta tumeketi kitanda kimoja, akauliza mgonjwa ni yupi, dada akamjibu, "Mwenye ramani ndiye mwenye kitanda, huyu mwingine amepotea njia." Tarehe 9 Machi mwaka huu wa 2024, siku tuliyotimiza miaka sitini na mitatu, alimwomba binti yake ampige picha kibarazani, akasogeza kiti mwenyewe ili mwanga umwangukie upande wa kushoto, akaitazama kwenye simu, akasema, "Hii ndiyo ya jeneza. Msiiguse." Kisha akanigeukia mimi. "Nakukabidhi wewe, si watoto. Wewe ndiye uliyekaa mahali pangu, wewe ndiye utakayenirudisha." Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema, "Niitikie." Nikaitika.

Alifariki dunia siku ya Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa tisa na robo alasiri, katika wodi ya wanawake namba nne, kitanda cha dirishani. Alikuwa amelalia ubavu. Mwanawe, mwanaume wa miaka thelathini na minne mwenye watoto wake, alikuwa ameweka kiganja kwenye shavu la mama yake, la kushoto, na alikuwa bado hajakiondoa daktari alipofika.

Alhamisi nilikwenda kwa mama mchapaji kutengeneza vijitabu hivi, nikampa picha ya kibarazani. Mama yule ni mtu wa adabu, alimfahamu dada kazini, na kabla ya kuanza aliniuliza, akiwa ameshika kipanya, "Mama, nimwache hivi, au nimsafishe kidogo?" Niliulizwa. Hakuna atakayesema sikuulizwa. Nikamwambia amsafishe. Nilijisemea kwamba namstahi, kwamba wageni watakuwa wengi, kwamba picha hii itabaki majumbani mwa watu, lakini nimelala na jambo hili na kuamka nalo, na hiki ndicho ninachoweza kusema, kwamba nilitaka aonekane vizuri mbele yenu, na vizuri, kichwani mwangu, baada ya miaka yote hiyo, bado ilikuwa ni mimi. Nakala mia nne zikatoka jioni ile. Nilizibeba hadi nyumbani kwake, binti yake akafungua sanduku, akachukua ya juu, akaitazama, akanitazama, akasema bila kupandisha sauti, "Mama mdogo, hapa umekufa wewe."

Ndugu zangu, nilikaa chini.

Hapakuwa na muda wa kuchapa upya. Jana, Ijumaa, asubuhi, binti alileta lile kopo la penseli, tukaligeuza juu ya meza ya kulia, tukaketi mimi, yeye, mdogo wake wa kiume, na mama mchapaji aliyekuja mwenyewe bila kuitwa, na karatasi haikuwa ya kung'aa, tukamshukuru Mungu kwa hilo, tukaanza kumrudishia uso wake, nakala moja baada ya nyingine, kwa vidoti, kama alivyokuwa akifanya, ila sisi tukienda kinyume chake. Kumi za kwanza niliziharibu mimi, kwa sababu niligundua kwamba sijui. Miaka sitini na mitatu nilikuwa nikitazama pembeni. Binti aliniambia baka lilipopanda, mama mchapaji akakumbuka lilivyoshuka, na mwana, aliyeshindwa akiwa anatazama, alifumba macho, akapapasa karatasi kwa kiganja, akafumbua, akachora, na zile zilizo sahihi kuliko zote ni zake. Tulimaliza saa kumi alasiri. Nilirudi kwangu, nikaishusha ile picha yangu iliyofutwa, na nyuma ya fremu nikakuta dada alikuwa ameichomeka ile nyingine, aliyoiacha, niliyodhani imepotea, imengoja miaka kumi na mitatu. Iko ukutani sasa. Wala sidai kwamba nimeizoea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, na hasa yule muuguzi aliyejifunza kututofautisha kisha akaendelea kuuliza kwa sababu dada alipenda kumjibu. Tunawashukuru majirani waliombeba kwa kiti kupanda zile ngazi tatu kila aliporuhusiwa, wafanyakazi wa studio waliofunga duka siku nne na kuacha mlangoni lile swali lake badala ya tangazo, mama mchapaji, mchungaji na wazee waliomletea meza ya Bwana kitandani, na yule mama muuza mkaa, ambaye amezeeka sana, aliyefika leo mapema kuliko sisi wote na ameketi benchi la tatu, mahali pa dada. Hatuwezi kuwataja wote, mtusamehe.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi.

Dada, Mungu aliyekuumba hatakuuliza kama akufute au akuache. Lala katika amani yake, uso wako ukiwa ni wako.

Tulikuja wawili, tukipishana dakika ishirini. Aliyebaki amesimama ni mdogo wako.